Wimbo Unaosikia Miguu

Mimi sina mapenzi na vitu. Kitu kwangu kina bei, na kama hakina, nakitafutia. Ndiyo maana siku mke wangu aliponidokeza kwamba mama yake bado anayo santuri yake ya zamani, na sahani zake zote za nyimbo, vyote vimelala salama mvunguni mwa kitanda, nilivaa viatu kabla hajamaliza kusema.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsalimia mkwe wangu."

"Leo? Wewe ambaye nikikwambia twende kwa mama unaumwa mgongo?"

"Moyo wa mtu msitu, mke wangu."

"Msitu huo nauona una duka katikati."

Alikuwa na haki ya kunicheka. Nina duka la vyombo vilivyokwisha kutumika: feni, pasi, redio, majokofu ambayo milango yake haifungi bila kubembelezwa. Nilianza na pasi moja iliyoungua waya. Nikaitengeneza, nikaiuza, nikanunua mbili mbovu, hivyo hivyo hadi nikapata mlango wangu mwenyewe wenye kufuli. Miaka hiyo mtu akiniletea santuri nilimshauri akaatamishie kuku. Kaseti zilikuja zikaifukuza santuri, diski zikazifukuza kaseti, kisha simu ikaja ikafukuza ukoo mzima. Halafu, bila hata kupiga hodi, santuri imerudi. Vijana wenye nyimbo chungu nzima mfukoni wanaingia dukani wananiuliza, "Mzee, huna sahani?" Nikiwapa moja wanaishika kwa ncha za vidole kama yai, wanalinusa jalada, wanaigeuza kwenye mwanga waone mifereji yake. Wakati huo kulikuwa na mwenye mgahawa mmoja aliyeniganda kama kupe. Alitaka santuri ya kuweka dirishani.

"Hata isipoimba," aliniambia. "Izunguke tu, watu waione."

Mnunuzi wa namna hiyo hazaliwi kila siku. Anataka kitu kibovu, na anakitaka kwa furaha.

Mama mkwe wangu mtaa mzima unamwita Mama Sindano, na wala si kwa ushonaji. Alifanya kazi kiwanda cha nyuzi tangu usichana wake hadi kilipofungwa. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinazokatika. Mashine haisimami kwa ajili yako. Vibiringo vinazunguka safu nzima, uzi mmoja unakatika, nawe unatakiwa kupenyeza vidole katikati ya mbio zile, uukamate mwisho wake, uuunge, kisha utoe mkono ukiwa bado na vidole vyote. Kelele ya chumba kile ilikuwa nzito kiasi kwamba watu walizungumza kwa kusomana midomo. Mpaka leo ukikaa na wafanyakazi wake wa zamani utadhani wanagombana, kumbe wanaulizana hali.

Jumamosi alasiri kiwanda kilikuwa na dansi ukumbini kwake. Mpiga santuri wa kwanza alikuwa msimamizi mmoja mwenye mkono wa kutetemeka, anakwaruza sahani kama anayeparua samaki. Wanawake wa chumba cha kusokota wakachoka. Siku moja wakamsukuma mwenzao jukwaani: "Wewe unayekamata uzi mashine ikikimbia, utashindwa na sindano moja?" Akaishika, na hakuiachia tena hadi king'ora cha mwisho. Jina alilipatia pale, na mume alimpatia pale pale. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa akija kuomba wimbo ule ule mmoja kila wiki, mpaka ikabidi aulizwe nia yake.

Basi nilimkuta ameketi kitandani, anakunja nguo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukusalimia tu."

"Na hiyo kamba mfukoni ni ya kumsalimia nani?"

Nilikuwa nimesahau kuisukuma ndani. Nikacheka, nikaona sasa hakuna haja ya kuzungushana maneno. Nikamwambia nimesikia ana mzigo unaomzibia nafasi, nami kama mwanawe naweza kumwondolea, tena kwa bei nzuri.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Haya, inama."

Niliinama kweli kweli, shavu sakafuni. Santuri ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha pamba. Sahani zilisimama wima ndani ya kreti la mbao, zimebanana kama watu kwenye foleni, hata moja haijapinda. Nimeona watu wengi wakizilaza sahani moja juu ya nyingine, au kuziegesha ukutani penye jua mpaka zikawa mawimbi. Hizi zilikuwa mali. Nilisikia moyo wa biashara ukidunda, lakini uso wangu niliuweka wa msibani.

Niliivuta mashine, nikazungusha sinia lake kwa kidole. Mkanda wa mpira unaolizungusha ulikuwa umeyeyuka kama lami, na sindano haina ncha.

"Imekufa, Mama."

"Haijafa, ina njaa. Inataka mkanda na sindano. Unavyo?"

"Kupatikana vitapatikana. Lakini..."

"Usinipe lakini zako kabla sijakupa habari zangu. Keti."

Habari zake zilikuwa hizi. Wafanyakazi wa zamani wa kiwanda hukutana mara moja kwa mwaka katika ukumbi ule ule. Mwaka huu Mwenyekiti wao, ambaye enzi za kiwanda ndiye aliyekuwa akipuliza king'ora cha kuingia na kutoka, alitangaza kwamba muziki utatoka kwenye simu yake na spika mpya alizoletewa na binti yake. Akamwambia Mama Sindano aje akae meza ya wageni, apumzike.

"Apumzike!" Mama alipiga paja. "Mkwe, mtu akikwambia pumzika, jua kiti chako ameshakipigia hesabu. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwambia dansi nitafungua mimi. Akacheka. Akasema sawa, upewe wimbo mmoja. Watu wakinyanyuka wakaucheza hadi mwisho, mashine yako ibaki jukwaani mpaka siku ya kufa kwako. Wasipoucheza, usiulete tena ubishi huu. Nikampa mkono."

"Lini?"

"Jumamosi hii."

Hapo ndipo tulipoanza kupatana, na nawaambia, nimepatana na madalali, nimepatana na wasafirishaji, lakini sijakutana na mtu mgumu kama yule bibi. Kila nikisogea hatua, ananirudisha mbili kwa tabasamu. Mwishowe tulikubaliana hivi: mimi nitafute mkanda na sindano, niitengeneze mashine ipige kama zamani, niibebe hadi ukumbini. Watu wasipoucheza wimbo wake hadi mwisho, santuri na sahani zote ni zangu. Wakiucheza, nisitaje tena neno kununua, na kila mwaka niibebe kuipeleka na kuirudisha.

"Bila kununa," aliongeza.

"Bila kununa, Mama."

Nilitoka pale nikipiga mluzi. Nani ataacha kiti chake kwa sahani yenye mikwaruzo wakati spika za Mwenyekiti zinatikisa mabati? Nilimpigia mwenye mgahawa nikamwambia afute vumbi dirishani.

Kazi ya ufundi nilimpa Fundi Waya, mtu wangu wa miaka yote, anayeweza kuifufua redio iliyolala mtoni. Mkanda alipata, sindano tuliing'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa kweli. Lakini fundi mzuri ana ugonjwa mmoja: hajui kuacha. Aliniuliza mashine itawekwa wapi, nikamwambia juu ya jukwaa la mbao, watu wanacheza karibu. Akashika kichwa.

"Bosi, mbao? Wakikanyaga tu, sindano inaruka. Inakwaruza sahani."

Nikaziona sahani zilizokuwa karibu kuwa zangu zikikwaruzwa na visigino vya wastaafu. "Izuie," nikamwambia.

Akaunda sanduku zito la kuisimamishia, na chini yake akabandika matabaka ya sponji ya godoro, kisha akalivisha lote kitambaa hadi sakafuni. Tulilijaribu nyumbani kwa Mama. Wanangu pacha wakaruka sakafuni mpaka vikombe vikalia kabatini, sindano imetulia kama jiwe. "Hata tembo wakija kucheza," Fundi Waya alisema, "haitaruka." Mama alikuwa uani anapangusa sahani zake. Aliposikia sauti ya mwimbaji ikitoka dirishani aliingia mbio na kitambaa mkononi, macho yanang'aa.

"Ni yeye! Msikieni alivyo na pumzi! Na mashine mmeivisha gauni kabisa!"

Mke wangu akamshika mama yake mikono, wakaanza kuuimba pamoja na sahani wimbo huo, ambao mimi naujua kwa sababu huimbwa nyumbani kwangu kila sakafu inapopigwa deki. Kuna mahali mwimbaji anasema, *Geuka nikuone!* Mke wangu hulisema neno hilo mara tatu, mara nne, na watoto hugeuka kila mara. Siku zote nilidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ni chumba kirefu, sakafu ya mbao tangu mlangoni hadi jukwaani, madirisha juu karibu na dari. Wote walikuja: wasokotaji, makanika wa mashine, wapakizaji, wapishi wa kantini, kila mtu anapiga kelele sikioni mwa mwenzake. Mimi na Fundi Waya tuliingia na sanduku letu, jasho linatutoka.

"Mama Sindano!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Hilo sanduku ni la santuri au la maiti?"

"La maiti, Mwenyekiti. Nimekupimia kwa macho, ukija karibu nitajua kama limetosha."

Ukumbi uliangua kicheko. Mwenyekiti naye si mtu wa kushindwa hadharani. Akasema kabla ya mashine ya makumbusho, watu waonjeshwe muziki wa leo, na akachagua kwa makusudi wimbo ule ule wa *geuka* ambao Mama angefungulia dansi. Akagusa simu kwa kidole kimoja. Spika zikanguruma, sauti safi kama maji ya chupa.

Watu hao walinyanyuka! Nusu ya ukumbi, kwa kasi ya ajabu, viti vinaanguka. Nilimtazama Mama, sikuona hofu usoni mwake. Alikuwa anasubiri.

Ikafika *Geuka nikuone!* Kila mguu wa kulia ukapiga sakafu kwa pamoja, *puu!*, na kila mtu akageuka. Wakapiga tena mguu, wakageuka tena. Lakini wimbo ulikuwa umeshakwenda zake. Mwimbaji yuko ubeti mwingine, watu wametazama ukuta, mapua yamegongana, mpishi mmoja amemkumbatia mke wa mtu. Wakacheka, wakajaribu kuufuata, wakapotea. Mmoja mmoja wakarudi kuketi.

"Simu yako ina haraka, Mwenyekiti!" mtu akapiga kelele. "Imechelewa zamu?"

"Haya, tuone hiyo isiyo na haraka," akajibu Mwenyekiti, akakunja mikono.

Mama Sindano alipanda jukwaani. Akaipuliza sahani, akaushika mkono wa santuri kwa vidole viwili, vidole vile vya kuunga uzi, akaushusha. Nilisikia ule mkwaruzo mdogo kabla ya muziki, kama mtu anayesafisha koo, na kabla gitaa halijaingia watu walikuwa wamesimama. Wazee wanasukumana! Mke wangu alinipita bila kuniona.

*Geuka nikuone! Puu!* Wakageuka. Wakapiga mguu mara ya pili, wakageuka. Na wimbo ukaendelea mbele, umetulia, laini, hauna habari nao.

Walisimama vile vile, miguu hewani, nyuso zimeduwaa. Hapo ndipo nilipoelewa, na masikio yakaniwaka moto.

Zamani zile wimbo haukuwa na *geuka* nne. Ulikuwa na moja. Nyingine zilikuwa za miguu. Sakafu nzima ilipopigwa kwa pamoja, mbao ziliinuka, sindano iliruka ikarudi mfereji mmoja nyuma, na mwimbaji akalazimika kusema tena: geuka! Wakapiga tena, akasema tena. Waliuchezea wimbo huo miaka mingi na wimbo ukawa unawajibu.

Mama alikuwa ameinama juu ya santuri. Aligusa sindano, akagusa mkono, akatazama kiganja chake mwenyewe, kana kwamba kosa liko humo. Mwenyekiti alikuwa anaanza kutabasamu. "Haya, Mama Sindano," akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Njoo ukae."

Sasa nisikilizeni vizuri. Ningenyamaza, mashine ilikuwa yangu, na kreti zima la sahani. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Fundi Waya, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Lakini mimi ni mfanyabiashara. Tulipatana niitengeneze ipige kama zamani, nami nilikuwa nimekabidhi mzigo usiofanana na sampuli. Mzigo wa namna hiyo hata ukilipwa umekula jina lako.

Nikapanda jukwaani. "Mama, iko juu ya sponji."

"Sponji ya nini?"

"Isiruke."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyefundishwa kupanda mti. "Nani alikwambia nataka isiruke? Kwa nyimbo nyingine naweka sarafu juu ya mkono utulie. Kwa wimbo huu naitoa! Mkwe, umenilazia santuri kwenye godoro!"

"Mwenyekiti!" nikapaza sauti. "Wimbo haujaisha! Fundi alikosea kuitega, ihesabiwe upya!"

"Aaa, mkataba ulikuwa wimbo mmoja..."

"Ndio huo huo mmoja!" akapiga kelele makanika mmoja mwenye mvi, bado amesimama katikati ya sakafu. "Tushushie hilo godoro, mbona unatuchelewesha?" Ukumbi mzima ukaitikia, na mtu aliyekaa maisha yake yote akipuliza king'ora anajua kelele isiyoshindika. Akatikisa mkono: haya.

Tuliling'oa sanduku, tukaiweka santuri juu ya mbao tupu. Mama akashusha mkono. Gitaa likaingia, ngoma ikaingia, sauti ya yule mwimbaji ikapanda, na niliona migongo ya watu ikijikaza kwa kusubiri, kama wakimbiaji mstarini.

*Geuka nikuone!*

*Puu!*

Sindano ikaruka.

*Geuka nikuone!*

Ukelele uliotoka pale sijawahi kuusikia kwenye mnada wowote. *Puu! Geuka! Puu! Geuka!* Vumbi linatoka kwenye nyufa za mbao, taa zinacheza, waliokaa wananyanyuka na sahani za chakula mikononi. Mke wangu anazunguka kama pia. Mama Sindano amesimama juu yao wote, kidole kimoja kando ya mkono wa santuri, anacheka, anawaacha wageuke, wageuke tena, na alipoona wametosha akausukuma mkono mbele kwa upole wa kuunga uzi, na wimbo ukaendelea njia yake. Wao nao wakaendelea pamoja nao, hakuna aliyegongana na mtu.

"Rudisha!" Nani huyo anayepiga kelele kuliko wote? Mwenyekiti, koti limevuliwa, mguu wake wa kulia uko juu. "Rudisha, Mama Sindano! Sijageuka vizuri!"

"Kwani huna haraka leo?"

"Sina! Rudisha!"

Uzuri wa ngoma uingie ucheze. Siwaambii kama niliingia. Naweza kusema tu kwamba kisigino cha kiatu changu cha kulia hakikurudi nyumbani.

Jioni niliifunga santuri kwa kamba ile ile niliyokwenda nayo mfukoni, nikaibeba hadi kwake, bila kununa. Nikaiweka mvunguni, shavu sakafuni.

Mwenye mgahawa nilimwambia ukweli: mashine siuzi, haiuziki. Lakini nikamhadithia jinsi sakafu ilivyoruka, na kadiri nilivyosimulia ndivyo alivyozidi kusogeza kiti. Mwishowe akataka kumwona mwenyewe. Nikampeleka, nikidhani nitakaa katikati yao nipate kitu changu kidogo cha udalali.

"Nataka uje upige kwangu alasiri za Jumapili, Mama," akasema.

Mama Sindano hakunitazama hata mara moja. "Sakafu yako ya nini?"

"Vigae, Mama. Vipya kabisa."

"Mimi sipigi juu ya vigae. Vigae havisikii miguu. Weka mbao, ziwe na nafasi chini zipate kuinuka, halafu uje tuzungumze. Na mkwe wangu huyu hayumo katika mazungumzo hayo."

Mwenye mgahawa aligeuka kunitazama, amechanganyikiwa. "Mbao za namna hiyo nitazipata wapi?"

Nikaketi vizuri.

"Hapo sasa," nikamwambia, "ndipo umefika kwangu."